Kijiko Kilicholala Kifudifudi

Kwa miaka kumi na mmoja Bibi Povu aliosha vyombo kwenye bwalo la chuo, na miaka yote hiyo wanafunzi aliwajua kwa mikono. Sura hakuziona. Dirisha la kurudishia vyombo lilikuwa chini, usawa wa kiuno, upana wake kama sinia mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na yeye alisimama upande wa pili mbele ya sinki refu la chuma. Mwanafunzi akimaliza kula alisukuma sahani dirishani, akasema asante au asiseme, akaenda zake. Bibi Povu alibaki na mkono tu wa kukumbuka: mkono wenye madoa ya wino, mkono wenye pete ya shaba, mkono ulioliwa kucha mpaka kwenye nyama.

Jina lake walimpa wao wenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuviona viwiko vyake bila povu. Alilipokea bila kinyongo. Hata wajukuu zake walilipata wakalipenda, na mdogo wao aliyekuwa bado hajui kutamka vizuri alikuwa akimwita Bibi Pofu, jambo lililomchekesha kila mara mpaka baadaye, siku ambazo halikumchekesha tena.

Kazi yake ilianza na kukwangua. Alichukua sahani kwa mkono wa kushoto, akakwangua mabaki kwa mkono wa kulia yakaanguka kwenye ndoo iliyokuwa kati ya miguu yake, kisha akaichovya sahani kwenye maji ya moto. Watu mia tisa walikula pale mchana. Ungedhani mtu anayekwangua sahani mia tisa hazitazami, lakini Bibi Povu alizitazama. Mwenye jino bovu alimjua kwa nyama iliyotafunwa upande mmoja ikaachwa. Mwenye mapenzi mapya alimjua kwa wali uliochezewa kwa uma ukapangwa vilima vilima. Wiki ya mitihani sahani zilirudi aidha zimelambwa au hazijaguswa, hakukuwa na kati.

Sahani ikimtia wasiwasi, aligonga mfuniko wa sufuria mara mbili kwa kijiko. Mpishi Mkuu alikuwa mtu mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuata, na aliposikia ule mlio alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Haya, mpiga ramli wangu," alisema. "Leo sahani zimenena nini?"

"Yule wa saa ya plastiki ya kijani, baba. Siku ya tatu leo hali kitu kigumu. Ana jino au ana koo."

Kesho yake Mpishi Mkuu alisimama mwenyewe kwenye meza ya kupakulia, akaisubiri saa ya plastiki ya kijani, akaiwekea uji mzito na kuielekeza zahanati. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo wala haikuandikwa popote. Ilikuwa njia yao tu, kama vile watu wa nyumba moja wanavyojua nani amelala na njaa bila kuulizana.

Yule aliyempa jina la Kijiko alitokea mwanzo wa muhula wa pili. Ulikuwa mkono mwembamba wa msichana, wenye kovu la kuungua juu ya kidole gumba, dogo kama punje ya mahindi. Sahani yake ilirudi imejaa. Chakula kilikuwa kimesogezwa kidogo ili kionekane kimeliwa, ujanja ambao Bibi Povu alikuwa ameuona mara nyingi, lakini kilichomshika macho ni kijiko. Kila mtu aliweka kijiko vyovyote kilivyoanguka. Huyu alikilaza kifudifudi, katikati ya sahani, kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Siku ya kwanza akasema labda ameshiba. Siku ya pili akasema labda hapendi maharage. Siku ya nne alikinyanyua kile kijiko kwenda kugonga mfuniko, kisha akakishusha.

Hapo ndipo alipokuwa akirudi baadaye katika mawazo yake, tena na tena: hapo alipokishusha. Mpishi Mkuu alikuwa hatua sita kutoka kwake. Lakini Bibi Povu alikuwa amepata wazo lake mwenyewe. Wafanyakazi wa jikoni walipewa chakula cha mchana na tunda moja kila mmoja, na tunda lake siku ile lilikuwa ndizi mbivu. Kesho yake mkono wenye kovu uliposukuma sahani, yeye aliisukuma ndizi kuelekea kwenye mkono.

Mkono ukatulia. Vidole vikaigusa ndizi, vikarudi nyuma, vikaigusa tena.

"Chukua, mwanangu," alisema Bibi Povu kupitia dirishani. "Hiyo haina masharti."

Mkono ukachukua. Sauti ndogo ikasema, "Ahsante, bibi."

Basi ikawa hivyo kila siku. Sahani ilirudi imejaa, ndizi ikatoka. Baada ya wiki mbili sahani ikaanza kurudi na pengo dogo pembeni, vijiko vitatu hivi vya wali vimeondoka, na Bibi Povu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mpishi Mkuu hakumwambia. Wenzake wawili wa kusuuza hakuwaambia. Kama angeulizwa kwa nini, angesema hakutaka mtoto wa watu ajadiliwe jikoni. Ukweli ni kwamba alitaka huyu mmoja awe wake. Miaka yote alikuwa amewapeleka kwa Mpishi Mkuu, naye Mpishi Mkuu ndiye aliyeona sura zao na kupokea shukrani zao. Huyu alimpenda kwa siri, kama mtu anavyoficha kipande kitamu cha mwisho.

Sasa, mikono ya Bibi Povu mwenyewe ilikuwa imeanza kumsumbua. Sabuni na mafuta ya mabaki vilimpasua ngozi katikati ya vidole, na kifundo cha mkono wa kulia kilivimba kwa kule kukwangua. Alikipaka mafuta, akakifunga kitambaa, akaendelea. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mwezi ule chuo kiliunda Kamati ya Afya na Ustawi, na mwenyekiti wake, mwalimu wa lishe, hakuwa kama wakubwa wengine. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na badala ya kuwaita wafanyakazi ofisini kwake aliingia jikoni kwa miguu yake, akakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akamwuliza kila mtu swali moja: kitu gani kikibadilika hapa kitakufanya uende nyumbani ukiwa mzima zaidi?

Mpishi Mkuu aliomba feni. Mmoja wa wasuuzaji aliomba viatu visivyoteleza. Ilipofika zamu ya Bibi Povu aliona haya, akasema yeye hana neno, yuko salama. Mwalimu wa lishe aliuchukua mkono wake wa kulia, akaugeuza polepole, akautazama ule mpasuko katikati ya vidole kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "mtu akikuuliza kwa moyo, mjibu kwa moyo."

Katika maisha yake ya kazi hakuna mkubwa aliyewahi kumshika mkono. Akasema, basi, kama inawezekana, wanafunzi wakwangue sahani zao wenyewe.

Iliwezekana, na kwa haraka ambayo hakuna aliyeitarajia. Baada ya wiki moja mapipa manne yaliwekwa kwenye ukumbi wa kulia, upande wa mlango. Mwanafunzi alikwangua mabaki yake pale, akaipanga sahani kwenye rafu yenye magurudumu, na rafu ikijaa ilisukumwa jikoni. Dirisha la chini likafungwa kwa ubao na kupakwa rangi nyeupe. Wapiga picha wa chuo walikuja wakamsimamisha Bibi Povu mbele ya sinki, glavu mpya mkononi, sahani inayong'aa kifuani, wakamwambia acheke. Akacheka kwelikweli, maana Mpishi Mkuu alikuwa nyuma yao akiigiza mwanamitindo na lile tumbo lake. Picha ikatiwa kwenye mabango yaliyobandikwa chuo kizima. Chini yake yaliandikwa maneno: Mikono yake inauma. Msaidie bibi yetu, mrudishie sahani safi.

Ndoo iliyokuwa kati ya miguu yake ikaondoka. Kifundo kikashuka uvimbe. Usiku alilala bila kuamka kujikanda, na asubuhi aliweza kumfunga mjukuu wake vifungo vya shati bila kuuma meno. Alimwombea mwalimu wa lishe dua nyingi.

Siku mbili tatu za mwanzo alisimama mbele ya ule ubao mweupe na ndizi mfukoni, hajui aifanyeje. Mkono haukuwepo tena. Kisha rafu ya kwanza ya siku ya nne ikaingia, na katikati ya sahani alikiona: kijiko kimelala kifudifudi. Akaichomoa sahani haraka. Ilikuwa safi. Safi kuliko zote za rafu ile, haina punje, haina mchuzi pembezoni, kana kwamba imefutwa kwa kipande cha mkate.

Bibi Povu aliishika ile sahani kifuani kwa glavu zake, kama kwenye picha.

"Anakula," alisema kwa sauti.

"Nani anakula?" akauliza Mpishi Mkuu kutoka kwenye majiko.

"Mtoto wangu mmoja."

"Wewe una watoto mia tisa, Bibi Povu, na wote wanakula. Mimi ndiye ninayewapikia, nipe pole."

Siku iliyofuata safi tena. Na iliyofuata. Siku hiyo Bibi Povu alikaa kwenye kreti baada ya kazi na kuimenya ile ndizi akaila mwenyewe. Aliila polepole kwa raha, akifikiri jinsi huzuni ya vijana inavyoingia kama mvua ya ghafla na kukatika vilevile. Hakuiweka tena ndizi mfukoni baada ya hapo.

Kutoka sinki mpaka ukumbi wa kulia kulikuwa na mlango mmoja wa kusukuma na hatua thelathini. Baadaye alizihesabu. Hakuna aliyemkataza kupita. Ni aproni tu, ilikuwa imelowa siku zote, na viatu vya mpira vilivyofanya kelele sakafuni, na aibu ya kuingia kati ya vijana waliovaa vizuri. Angeweza kuivua aproni. Angeweza kusimama karibu na mapipa siku moja tu, dakika kumi, akaangalia nani anakilaza kijiko kifudifudi na nini kinaanguka kwenye pipa kabla ya hapo.

Wiki zikapita tano. Mwalimu wa lishe alikuja na tabasamu akawaambia mabaki yamepungua karibu nusu, wanafunzi wanaona haya kumwaga, wanapakua kidogo na kumaliza. Kamati ilimpa Bibi Povu cheti chenye jina lake kamili, na Mpishi Mkuu akakipigilia ukutani juu ya sinki, akakitemea mate kidogo na kukifuta kwa kiwiko ili king'ae.

Siku mbili baada ya cheti, saa nne asubuhi, muuguzi wa zahanati aliingia jikoni. Wote walimwita Sista. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile yalikuwa machache zaidi. Alimwuliza Mpishi Mkuu kama anamkumbuka msichana wa mwaka wa pili, mwembamba, mpole, aliyefiwa na mama yake likizo iliyopita. Ameanguka kwenye ngazi za maktaba. Amevunjika mfupa wa bega, lakini si bega linalomtisha. Huyu mtoto amekuwa na njaa kwa muda mrefu, damu yake imekuwa maji, moyo unapiga kama wa mzee. Walitaka kujua anakula nini hapa.

Mpishi Mkuu alikuna kichwa. Anapakulia watu mia tisa, Sista, wanaomba kidogo, anawapa kidogo, siku hizi wote wanaomba kidogo kwa sababu ya mabango. Alisema haya kwa masikitiko, na Bibi Povu, aliyekuwa na mikono ndani ya maji, alimwonea huruma na kusikiliza kama mtu anayesikiliza msiba wa jirani.

"Rafiki zake wanasema aliingia bwaloni kila siku," Sista aliendelea. "Tunapomwuliza alikula nini mara ya mwisho, anatujibu kitu hatukielewi. Anasema ndizi za dirishani."

Sahani ikamponyoka Bibi Povu. Haikuvunjika. Ilizama tu, ikagonga chini ya sinki kwa sauti nzito.

Alikwenda zahanati na aproni yake, na safari hii hakukumbuka kuona haya. Kwenye korido ya zahanati bango lake lilikuwa ukutani, na alipita mbele yake bila kulitazama. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, vitatu vitupu. Kwenye cha nne, karibu na dirisha, alikuwa amelala msichana ambaye hakumjua hata kidogo. Uso mdogo, nyusi nyingi, midomo iliyokauka. Bibi Povu alisimama miguuni pa kitanda akatumaini, Mungu amsamehe, kwamba ni mtoto mwingine. Kisha akauona mkono juu ya shuka.

Alivuta kiti akakaa. Hakujua aanzie wapi. Msichana ndiye aliyefungua macho kwanza, akamtazama usoni, akatazama glavu zilizoning'inia kwenye mfuko wa aproni.

"Ni wewe," alisema. "Nilikujua kwenye bango. Kabla ya hapo nilikujua mikono tu."

"Na mimi hivyo hivyo, mjukuu wangu."

Nje mtu alikuwa akifyeka majani kwa panga, mpigo mmoja mmoja. Bibi Povu akauliza lile lililokuwa likimchoma tangu kwenye sinki: kama hakuwa anakula, zile sahani zilikuwaje safi vile?

Msichana alionekana kushangaa kwamba swali hilo linahitaji jibu. Alieleza taratibu, akipumzika katikati ya maneno. Chakula kilikuwa kinamkataa. Tangu mama azikwe, kila alichotia mdomoni kiligeuka mchanga. Ndizi ndiyo pekee iliyoshuka, na zile siku za ndizi alikuwa ameanza kujaribu wali kidogo. Kisha dirisha likafungwa. Alikwenda mara mbili akasimama mbele ya ubao mweupe. Halafu akaliona bango, akasoma kwamba mikono ya bibi inauma. Akafikiri, kumbe nimekuwa nikimrudishia sahani iliyojaa kila siku, na mikono yake iko vile, na bado ananipa ndizi yake.

"Nikaona aibu, bibi. Nikawa namwaga vyote, halafu naifuta na karatasi mpaka ing'ae. Nilitaka yangu isikuumize."

Bibi Povu aliinama, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na msichana akaweka mkono wake mzima juu ya kilemba chake, ule wenye kovu, akaushikilia pale. Mgonjwa ndiye aliyekuwa akimbembeleza mzima.

Alipoinua kichwa alimwambia ukweli wote. Kwamba alikiona kijiko. Kwamba alifurahi. Kwamba aliila ile ndizi mwenyewe. Alidhani msichana atageuza uso, lakini alitabasamu kidogo tu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nilidhani umenichoka," alisema. "Afadhali ulikuwa umefurahi."

Bibi Povu alijua kwamba maneno yale yalisemwa kwa wema, na ndiyo maana yalimkata zaidi. Akauliza, ili aulize kitu, kuhusu kijiko, kwa nini kifudifudi. Mama yake alimfundisha, akasema msichana. Nyumbani kulikuwa na nzi wengi, na mama hakupenda nzi watue pale pa kutilia mdomoni.

Siku nne Bibi Povu alikwenda zahanati kabla ya kazi na baada ya kazi. Mpishi Mkuu alipika mchuzi mwepesi wa mifupa kwa mikono yake mwenyewe, akauchuja mara tatu, akaupeleka ukiwa umefunikwa kwa taulo, na alipoambiwa amekunywa nusu kikombe alikwenda stoo na kukaa huko kidogo. Baadaye alimwuliza Bibi Povu jambo moja tu, bila mzaha wowote, kwa nini hakugonga mfuniko kwa ajili ya huyu. Bibi Povu akamwambia alitaka awe wake. Mpishi Mkuu alitikisa kichwa polepole. Hakumlaumu. Aliongeza tu kwamba kama angemtambua, angekuwa akimtazama kila siku pale kwenye meza ya kupakulia, na alisema hivyo kama mtu anayejilaumu mwenyewe.

Walichokitaka wote wawili kilikuwa kimoja: mtoto abaki chuoni. Mwalimu wa lishe alihangaika kutoka ofisi moja hadi nyingine akiomba aruhusiwe kufanya mitihani baadaye, akiwa zahanati, akiwa kitandani, vyovyote. Aliahidiwa. Lakini siku ya tano akafika shangazi wa msichana na gari la kuazima. Alikuwa mwanamke mpole aliyechoka, mwenye uso wa msiba usiokwisha. Baba wa mtoto amesema inatosha. Amezika mmoja mwaka huu, hawezi kukaa akisubiri simu ya pili. Masomo yapo tu, alisema shangazi, yakipangwa na Mungu atarudi. Lakini hakuna aliyemtazama mwenzake aliposema hivyo, na msichana mwenyewe alitazama magoti yake.

Bibi Povu alikimbia jikoni kuchukua kitu na aliporudi walikuwa wamekwisha kumweka kiti cha nyuma, bega limefungwa, kioo cha gari kimeshushwa nusu. Kutoka pale aliposimama jua lilikuwa likipiga kwenye kioo, hakuuona uso. Aliona mkono tu ukitoka juu ya kioo. Akaupa ndizi.

Vidole vikaishika. Havikurudi nyuma safari hii.

"Haina masharti?" sauti ikauliza.

"Haina."

Gari likaondoka taratibu, likazunguka bustani ya utawala, likapita chini ya bango moja kubwa lenye kicheko cha Bibi Povu, likatoka getini.

Kikao cha kamati kilichofuata, Bibi Povu aliomba nafasi ya kusema. Alikuwa amezoea kukaa nyuma karibu na mlango. Alisimama na cheti mkononi, akakiweka mezani mbele ya mwalimu wa lishe, akaeleza yote kama yalivyokuwa, kuanzia kile kijiko alichokinyanyua akakishusha. Kisha akaomba ubao utolewe, dirisha lifunguliwe, sahani zirudi kwake na mabaki yake.

Mwalimu wa lishe alikuwa amevua miwani. Aliuliza kwa sauti ya chini, na mikono yako, mama?

"Mikono ni yangu," alisema Bibi Povu. "Nilikuomba uipumzishe, ukaipumzisha, Mungu akulipe. Lakini ndiyo iliyokuwa macho yangu, na sikujua kuwaambia."

Walifanya kama alivyoomba, na zaidi. Kukwangua kukagawanywa kwa zamu, nusu saa kwa kila mmoja wa watatu, ili kifundo chake kisivimbe tena. Mwalimu wa lishe alileta mafuta mazito ya ngozi kwenye kopo, akayaweka mwenyewe kwenye rafu ya sabuni. Siku hizi sahani ya kutia wasiwasi ikionekana, anayekwangua anagonga mfuniko, awe nani, na Mpishi Mkuu anakuja, na kabla chakula cha mchana hakijaisha Bibi Povu anavua aproni, anausukuma ule mlango na kwenda hatua zake thelathini. Vijana wanamzoea. Wanamsogezea kiti. Wapo watatu au wanne ambao, kama si hizo hatua, asingejua kwamba hawali.

Mabango yaliondolewa. Moja lilisahaulika kwenye korido ya zahanati, na Bibi Povu akipita pale huwa anatazama upande mwingine.

Shangazi alipiga simu jikoni mara moja, mwezi wa pili tangu waondoke. Alisema mtoto anakula kidogo kidogo. Anamsaidia baba yake dukani. Chuo hakukitaja, na Bibi Povu hakuuliza, kwa kuogopa jibu. Aliomba tu amsalimie.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza walikuja wengine, mikono mipya kati ya ile ya watu mia tisa. Kijiko hakuja. Lakini vijiko huanguka vyovyote vinavyoanguka, na hutokea, mara moja kwa wiki hivi, sahani ikasukumwa dirishani na kijiko kimelala kifudifudi, kwa bahati tu, na mtu asiyejua lolote. Bibi Povu huacha kukwangua. Huinama mpaka kidevu kikaribie ukingo wa dirisha, povu likimchuruzika kwenye viwiko, ili auone uso.

"Samahani, mwanangu," husema kila mara. "Nilikufananisha."

Kisha humwuliza kama ameshiba, na humsubiri ajibu.